Kabanga wa Chupani

Estelle alipokabidhiwa mfupa ambao ungemrudishia mumewe mguu, aliutia mdomoni akauuma.

Aliuuma kwa magego, kichwa amekiinamisha, jicho moja amelifumba, vile anavyouma punje ya mahindi kila gunia linaposhushwa mbele ya meza yake sokoni. Punje iliyokauka hulia ka! Punje yenye maji hukubali jino kimyakimya, na hapo mwenye gunia huanza kutazama viatu vyake. Kwa miaka kumi na miwili hakuna mahindi yaliyomdanganya Estelle. Watu wamemdanganya, hilo hakatai, ila watu huwezi kuwauma wote.

"Mama!" Madame Simone, aliyeuleta mfupa, aliinuka kitini. "Hii haiko ya kukula!"

"Si mulisema iko ya mahindi?"

"Protini ya mahindi, mama. Protini."

"Njo hiyo protini minye naonja."

Dokta Arsène, mpasuaji mwenye sura ya ujana na miwani ya uzee, aligeukia dirisha ili acheke bila kuonekana. Ruffin, mgonjwa mwenyewe, alilala kitandani, mguu wa kulia umechomwa vyuma pande zote kama nyama ya mishikaki, akitazama dari kama mtu asiyemfahamu kabisa huyo mwanamke.

"Haijakauka," Estelle akatoa hukumu, akakifuta kipande kwa kitenge chake.

"Imekauka sana. Ilikaa mu tanuri ya umeme saa makumi mbili na ine. Iko mu ripoti."

"Ripoti haina meno, madame."

Kipande chenyewe kilikuwa na urefu wa kidole gumba, rangi ya jino la mzee, kimejaa vitundu kama sega la nyuki. Mashine moja huko Lubumbashi, ambako Simone anafanya kazi, ilikuwa imekichapa uzi juu ya uzi kwa protini iliyotolewa kwenye mahindi na kuchanganywa na unga wa madini ya mfupa. Miezi kumi nyuma, jiwe la machimbo ya Kakanda lilikuwa limemvunja Ruffin muundi shimoni. Mfupa ukaoza, wakaondoa kilichooza, na sasa kati ya nusu ya juu na nusu ya chini kulikuwa na pengo ambalo vyuma vililishikilia wazi kama mlango wa nyumba isiyo na mwenyewe. Njia zilibaki mbili: kukata mguu chini ya goti, au kutia kipande hiki kwenye pengo ili mfupa wa Ruffin uingie kwenye vile vitundu ujijenge humo, tundu kwa tundu.

"Na hii ya mahindi itaenda wapi?" Estelle aliuliza.

"Itaisha pole pole, mama," alisema Dokta Arsène. "Mwili itaikula. Myezi saba, myezi nane. Ikiisha, mufupa ya kweli itakuwa imekamata nafasi yake."

"Kumbe munatia mu muguu ya bwana yangu kintu yenye munajua itaisha."

"Ndiyo, lakini..."

"Na iko bule."

"Bule kabisa. Mradi njo inalipa."

Estelle alijua: mjini kwao Likasi vitu vya bure ni viwili, vumbi na ushauri, na vyote viwili vinaleta kikohozi.

Nesi akaingia na karatasi nne za kukubali operesheni, na juu yake kidude cha wino. Akakisukuma mbele ya Estelle, aliyetakiwa kutia alama kama shahidi, bila hata kumtazama. "Kidole hapa, mama."

"Kalamu haiko?"

"Ah. Nilizania... bamama ya soko, mara mingi..."

"Bamama ya soko banasoma gunia, hawawezi kusoma karatasi?"

Akasoma. Alisoma kurasa zote nne za Kifaransa, kidole kikifuata mstari, midomo ikicheza, mpaka nesi akaenda na kurudi mara tatu na Ruffin akaona haya ya watu wawili. Kwenye ukurasa wa tatu alikaa muda mrefu zaidi. Kisha akairudisha karatasi bila kutia sahihi.

"Operesheni iko siku gani?"

"Lundi ya wiki ingine," alisema daktari. Yaani Jumatatu, siku kumi na moja mbele.

"Bon. Bwana yangu eko creuseur, anachimba. Ku Kakanda, munyunuzi akikamata échantillon ya mawe kupima, creuseur anaipasula mbili. Moja inaenda ku mashini ya munyunuzi, ingine inabakia mu mufuko yake, aipeleke ku mashini ingine. Juu mashini ya munyunuzi iko na macho mubaya, kila siku inaona kidogo." Akanyoosha kiganja. "Hii ya kutia mu muguu, munipatie ndugu yake."

Simone alitazama daktari, daktari akatazama Ruffin, Ruffin akarudi kwenye dari.

"Zilichapwa sita siku moja," Simone alisema mwishowe. "Ya muguu imefungwa mu paketi, haiguswe. Hii umeshaiuma, mama. Kamata, iko yako."

Aliisema kwa tabasamu, kama mtu anayempa mtoto sarafu ili anyamaze. Estelle aliliona tabasamu hilo, akalifunga kwenye fundo la kitenge pamoja na kipande.

*

Nyumbani, ambako Ruffin aliruhusiwa kungojea siku ya operesheni, Papa Joachim Kazadi alikuwa akiwangoja mlangoni. Huyu ni baba yake Ruffin, karani mstaafu, ambaye babu yake aliletwa toka Kasai kuchimba shaba na ambaye mwenyewe hakuwahi kuchimba chochote isipokuwa sikio lake kwa kifuniko cha kalamu. Alikuwa na shaka na kila kitu kilichofanyika baada ya yeye kustaafu.

"Banataka mafuta ya mufupa," alisema kabla hata hawajakaa. "Banatoboa, banavuta mafuta, banauzisha Ulaya. Hii ya mahindi iko kizibo tu."

"Papa, bangetaka mafuta ya mufupa bangenikamata siku ile jiwe ilinianguka," alisema Ruffin, akijishusha kwenye kiti, mguu juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Estelle akaweka kipande mezani, akaeleza. Mzee aliposikia kwamba vilichapwa pamoja, mashine moja, siku moja, akavua kofia.

"Basi ni mapasa."

"Ni mahindi, Papa."

"Mapasa, mwana. Batoto mapacha. Tumbo moja, siku moja. Ile ya lupitalo njo Mbuyi, mukubwa. Hii njo Kabanga." Hayo ndiyo majina Waluba wanayowapa mapacha wao, na Papa Joachim aliyatamka kwa uzito kama anajaza cheti cha kuzaliwa. "Na mapasa haibaguliwe. Chenye unapatia moja, unapatia na ingine. Ukinyima moja, yote mbili inakasirika."

Estelle hakuwa na muda wa mapasa. Alichemsha maji, akatia chumvi kiasi cha machozi, akamimina kwenye chupa iliyokuwa ya mayonezi, akamtumbukiza Kabanga. Chupa akaiweka kwenye rafu karibu na jiko la makaa, mahali ambapo joto lake ni kama la mwili wa mtu. Asubuhi na jioni alibadilisha maji na kukibonyeza kipande kwa mgongo wa kijiko. Shauri lake lilikuwa rahisi: kama kinatakiwa kukaa miezi saba ndani ya mume wake, basi kikae siku kumi na moja ndani ya mayonezi.

Habari zikafika sokoni kabla yake. Mama Mimi, anayeuza kwenye meza ya jirani, alimwacha ajaze meka ya kwanza ya bunga, lile kopo la kupimia unga, kisha akapaza sauti soko lote lisikie, akimwita kwa jina la bintiye:

"Mama Elikia! Hii mahindi yako ya leo, iko ya kukula ao ya kutembea?"

"Iko ya kufunga kinywa. Nikupimie ngapi?"

Watu wakacheka, na Estelle akacheka nao. Lakini wateja wawili wa kila siku walipitiliza mpaka meza ya mbele, wakimwangalia kwa pembe ya jicho. Mmoja alikuwa amesikia kwamba mahindi ya Estelle yanatoka kwa wazungu wa hospitali. Yanatoka Mwadingusha, kwa wakulima anaowafahamu mpaka majina ya mbuzi wao, ila nani atauliza? Na jioni alipofika kwake alikuta watoto wa mtaa wamekaa juu ya ukuta wakiimba "Papa Bukari! Papa Bukari, usinyeshewe!", bukari ikiwa ndio ugali wa huku, na Ruffin ndani, dirisha limefungwa katikati ya joto.

"Mwambie mumeo akivuka mto atakuwa uji," alisema mmoja, akakimbia.

Usiku ule walibishana kwa sauti ndogo ili binti yao Elikia asisikie.

"Minye nataka kutembea," alisema Ruffin. "Weye unataka tu kushinda badokta."

"Nataka nijue chenye kinaingia mu mwili yako."

"Unajua nini juu ya mifupa?"

"Hakuna. Najua bunga."

"Mama Elikia, sikiliza. Badokta bamesema, bakishindwa mara hii, banakata. Nikikatwa sirudie Kakanda. Nitakaa hapa na Papa, tunachungulia chupa. Weye unaweza kula na bwana wa namna ile?"

"Bwana ya muguu moja nitakula naye. Bwana mwenye kuoza mara ya pili juu sikuuliza, huyo njo sitaweza."

Ruffin akageukia ukuta. Kwa maumivu, na kwa hasira, akaomba pombe. Papa Joachim, ambaye hakuwa amelala kabisa bali alikuwa nyuma ya pazia akifanya utafiti wake, akamletea kikombe cha lutuku, ile pombe kali inayochemshiwa nyuma ya nyumba. Ruffin akameza mara mbili na kulala.

*

Siku ya sita, kijiko kilizama.

Kidogo tu, ncha ya kona. Estelle alifikiri ni macho yake. Siku ya nane kona yenyewe ilibaki kwenye kijiko, laini, nyeupe, kama bukari iliyoteremshwa motoni kabla ya wakati: nje imeshikana, ndani ni uji. Aliipaka kati ya vidole viwili, akanusa. Hakumwambia mtu. Siku ya tisa, Jumamosi asubuhi, alifunga chupa kwenye kitenge, akaita pikipiki mbili, moja ya Ruffin aliyetakiwa kulazwa siku hiyo kungojea operesheni, na moja ya yeye na mzee.

Chumbani kwa daktari, Simone alikuwa tayari amefika toka Lubumbashi na sanduku lake la bluu. Estelle aliweka chupa mezani.

Simone akaiinua, akaitikisa kidogo, na lile tabasamu la sarafu likapotea. "Siku tisa? Haiwezekani. Ingekaa myezi. Mulitia nini ndani?"

"Maji na chumvi."

"Na nini tena?"

"Maji na chumvi, madame. Nilikuwa naibadilisha minye mwenyewe."

Papa Joachim akakohoa. Kikohozi kile Estelle alikifahamu. Ndicho mzee alichokohoa mwaka ule redio ya nyumbani ilipouzwa kisirisiri.

"Papa?"

"Kidogo tu," alisema mzee, akitazama kofia yake. "Tone moja. Mbili. Ruffin alikunywa lutuku, nikasema... Mbuyi na Kabanga, moja haiwezi kupata, ingine ikakosa. Iko sheria, mwana."

Simone akapumua, pumzi ndefu, mabega yakashuka, na akaanza kucheka. "Ah! Njo ile! Protini ya mahindi inapinga maji, lakini pombe inaiyeyusha. Kila mutu wa maabara anajua. Papa, weye njo uliua Kabanga!"

Daktari akacheka. Nesi mlangoni akacheka. Ruffin hakucheka, alimtazama mkewe kwa macho yaliyosema: umenichosha, umeniaibisha mbele ya watu watakaonishikia kisu. Estelle alihisi uso wake ukiwaka toka shingoni. Wiki nzima ya kijiko, na mzee mmoja na tone lake.

"Rudia nyumbani, mama, upumuzike," alisema Dokta Arsène kwa upole, na upole ule ulimchoma kuliko kicheko.

Alichukua chupa yake. Alifika mpaka mlangoni. Pale akasimama, maana kitu kilikuwa kimekwama kwake kama ganda la punje kwenye ufizi. Ilikuwa ile pumzi ya Simone. Estelle aliijua. Ni pumzi ya mwenye gunia anapopata sababu: "Mvua ilinyesha njiani, mama." Na kweli huwa imenyesha. Lakini mahindi nayo huwa yalikuwa mabichi tangu shambani.

Akageuka.

"Siku niliiuma hapa, lutuku ilikuwa haijatiwa."

"Mama..."

"Haikulia. Nilikuambia haijakauka, ukanijibu na ripoti. Madame, mu ile sanduku uko na zingine. Ulisema zilikuwa sita. Kamata moja, tia mu maji mbele yangu. Minye nitaichunga. Mpaka lundi asubuhi."

"Hatuna sababu ya kupoteza..."

"Karatasi iko na sababu." Estelle akahesabu kwa kidole hewani. "Ukurasa ya tatu, mustari ya chini. Mugonjwa anaweza kukatala saa yote, hata ku mulango ya chumba ya kupasula, bila kusema juu ya nini. Nilisoma."

Karatasi ilikuwa na jina la Ruffin, na macho yote yakamwendea. Estelle hakumtazama. Alitazama vyuma vya mguu wake, ambavyo alikuwa amevipangusa kila asubuhi kwa miezi kumi, tundu kwa tundu.

Ruffin naye aliviangalia vile vyuma.

"Ku Kakanda," alisema polepole, "munyunuzi mwenye kukatala échantillon ya pili, tunamujua. Hata kama eko na kravati." Akafunga macho. "Mumupatie, madame. Asipopata, minye nakatala."

*

Kwa siku mbili Estelle alikaa kwenye benchi la korido na chupa kubwa ya chai ya kuhifadhi joto mapajani. Ndani yake hakukuwa na chai. Kulikuwa na maji ya chumvi ya hospitali yenyewe, yaliyomiminwa na nesi mwenyewe, na kipande ambacho Simone alikitoa sandukuni kwa mkono wake. Joto lilipopungua nesi alibadilisha maji, Estelle akitazama vidole vyake. Papa Joachim alipigwa marufuku kukaribia zaidi ya hatua kumi. Alikaa upande wa pili wa korido, kofia magotini, akimtazama yule pasa mwingine kama babu aliyenyimwa mjukuu.

Waliopita walicheka. Mmoja aliomba chai. Jumapili mchana Dokta Arsène alikuja akakaa kando yake, akavua miwani.

"Mama Elikia, unatuona shiye bezi, benye kuiba?"

"Hapana, dokta. Bezi banaogopa. Nyinye hamuogope. Njo minye naogopa."

Jumatatu, saa kumi na mbili na robo, Simone alifika na koti jeupe na kibano cha chuma. Ruffin alikuwa ameshavishwa gauni la kijani. Estelle akafungua chupa. Simone akaingiza kibano, akabana.

Kibano kilizama kama kidole kwenye bukari.

Alibana upande mwingine. Kikazama. Alitoka nje na simu, na kupitia kioo walimwona akitembea huku na huku uani, mwanzoni akiongea, kisha akisikiliza, kisha amesimama tu. Aliporudi alikuwa na rangi ya kile kipande.

"Umeme ilikatika," alisema. Hakumwambia daktari, alimwambia Estelle. "Usiku ile. Tanuri ilibakia baridi masaa saba. Asubuhi mutu wetu akawasha, hesabu ikaendelea kama vile haikukatika. Akaandika makumi mbili na ine. Joto njo inafunga protini, mama. Bila ile joto..."

"Bukari ilitoka mbele ya kuivya."

"Ndiyo."

"Na ile ya paketi? Mbuyi?"

"Zote sita. Tanuri moja." Simone akameza mate. "Ingeisha mu wiki mbili, tatu. Pengo ingebakia wazi, na bidonda ndani."

Dokta Arsène akakaa kwenye benchi kana kwamba amekatwa kamba. Angekuwa amefungua ule mguu saa mbili kamili. Hakuna aliyecheka sasa, wala nesi. Na ndipo, toka kwenye kitanda cha magurudumu, Ruffin akaanza kucheka, kicheko cha kwanza tangu jiwe, mpaka vyuma vikagongana. "Bwana Yezu! Dokta, madame, mashini mbili, na meno ya bibi yangu!"

Estelle hakucheka. Alikuwa akiangalia sanduku la bluu.

"Ya pili pia nitauma," alisema.

*

Ya pili ilifika baada ya wiki tano. Simone aliileta mwenyewe, akapanga vipande mezani, safu tatu za vinne, bila kuombwa, akarudi nyuma hatua moja kama muuza mahindi mwaminifu. Estelle alichagua cha katikati, maana mwerevu hachagui cha mbele. Akainamisha kichwa, akafumba jicho.

Ka!

Nesi akaleta karatasi. Juu yake ilikuwa kalamu.

Kipande kimoja kikaingia mguuni mwa Ruffin, na pacha wake akapewa chupa mpya ya mayonezi, kifuniko kikafungwa kwa mnyororo na kufuli, na ufunguo ukawa kwenye shingo ya Estelle. Papa Joachim hakukata tamaa. Ruffin alipoombewa, chupa iliombewa. Ruffin alipopelekwa juani, chupa iliota jua. Siku Ruffin aliponyolewa, mzee aliipangusa chupa kwa kitambaa cha moto, na Estelle akamwacha, maana kitambaa hakiingii ndani. Mtaa ulimzoea Kabanga. Watoto waliacha kuimba na kuanza kuuliza: "Eko namna gani leo?"

Alikuwa akipungua. Mwezi wa nne alikuwa na kiuno. Mwezi wa sita alikuwa kama pipi iliyolambwa. Ruffin alitolewa vyuma mwishoni mwa mwezi wa nane, na daktari akainua picha ya mfupa kwenye mwanga: pengo halikuonekana, palikuwa na wingu jeupe limeunga juu na chini. "Anza kukanyaga, pole pole," alisema. Ruffin akasema ndiyo. Alirudi nyumbani, akakaa kwenye kiti na magongo yake mawili, na hakukanyaga. Wiki nzima. Alisema kesho. Kesho yake alisema baridi.

Estelle naye alikuwa ameitazama ile picha. Picha ni picha. Inaweza kuwa ya mtu mwingine.

Asubuhi moja aliinua chupa toka rafuni na kuigeuza kwenye mwanga wa mlango. Maji yalikuwa meupe kidogo. Chini palikuwa na vumbi la chokaa, la kujaza ukucha. Hakukuwa na kitu kingine.

"Papa," aliita. "Kabanga ameisha."

Mzee akaja, akatazama, akavua kofia. "Hakuna kulia," alisema haraka, kidole juu. "Pasa akienda, hatulie. Ukimulilia, anamuita mwenzake."

Estelle hakuwa na nia ya kulia. Alikuwa akifikiri, na alilolifikiri lilimpandisha baridi toka miguuni. Kama wa chupani ameisha, wa mguuni naye ameisha. Ndani ya ule muundi sasa kulikuwa na kimoja kati ya viwili: mfupa, au shimo lililofunikwa na ngozi. Alimtazama Ruffin, akaona kwamba na yeye amefika pale pale, na kwamba ndiyo sababu ya wiki nzima ya kesho.

Alipiga magoti mbele ya kiti. Akapandisha suruali mpaka gotini. Kovu lilikuwa refu, linang'aa. Alipitisha kidole gumba juu yake toka juu mpaka chini, akibonyeza kama anavyobonyeza gunia kutafuta mchanga. Palikuwa pagumu. Lakini magunia mangapi ni magumu kwa nje?

"Unafanya nini?" aliuliza Ruffin.

Aliinamisha kichwa. Akafumba jicho moja.

"Mama Elikia, weye, hapana, ngojea..."

Akauma.

Ruffin alipiga kelele iliyosikika mpaka kwa Mama Mimi, akaruka toka kitini, akarudi nyuma mpaka ukutani. "Eko kichaa! Papa, huyu mwanamuke eko kichaa kabisa! Ananikula!" Akanyoosha kidole kumwelekea, akabaki hivyo, kidole hewani, kwa sababu Papa Joachim na Elikia aliyetokea mlangoni hawakuwa wakimtazama usoni. Walitazama sakafuni, hatua nne toka kwenye kiti, pale zilipokuwa nyayo zake mbili. Magongo yalikuwa bado yameegemea kiti.

Naye akatazama. Akahamisha uzito kwenda kulia, kidogo, kama mtu anayejaribu ubao juu ya shimo. Ubao ukashika.

Papa Joachim, aliyekataza kulia, alikuwa ameuweka uso wake wote ndani ya kofia.

Estelle aliinuka, akafuta mdomo kwa ncha ya kitenge.

"Imekauka," alisema, akaenda kufungua meza yake sokoni.